Pini ya Dhahabu ya Kaukau

Kabla sijaanza, mwenye tabia ya kuguna atoke nje akagune huko. Nimechoka. Kila nikikaa na watu niwaeleze maendeleo ya Jamhuri yetu ya Shwari, lazima atokee mmoja kule nyuma: "Mmh!" Mmh nini? Ulikuwepo? Mimi nilikuwepo. Mimi ndiye niliyekuwa mchomeka pini wa ramani pale makao makuu ya Kakamavu Jimu, na hakuna tawi lililofunguliwa nchi hii bila kupita kwenye dole gumba langu hili.

Mambo yalianza na kifungo. Mtukufu Mkuu wa Nchi alikuwa anapokea wageni Ikulu, akavuta pumzi ahutubie, kifungo cha koti lake kikaruka kikampiga balozi mmoja kwenye paji la uso. Balozi hakulalamika, mtu mstaarabu yule. Lakini baraza la mawaziri likaitwa siku ileile. Waziri wa Afya akasimama, akasema kwa uchungu mkubwa kwamba taifa limenenepa. Si Mtukufu, taifa. Mtukufu ni kioo tu, anaonyesha hali ya wananchi wake. Mawaziri wakajishika matumbo, wakatikisa vichwa, wakakubaliana kwamba wananchi wamezidi kula.

Bahati nzuri shemeji yake Mtukufu, Bosi Kirungu, alikuwa tayari amekodi jina kutoka nje. Si jimu, jina. Huko nje kuna watu werevu sana, wanakukodishia jina na rangi ya kupaka ukutani, jimu unatafuta mwenyewe. Bunge likapitisha kwa makofi kwamba kila wilaya iwe na tawi, na kila raia anayepumua awe mwanachama. Wenye jina walikuwa na sharti moja tu, kwamba jengo la tawi liwe na mizani ya kupimia watu. Tukazunguka nchi nzima kutafuta majengo ya namna hiyo, tukayapata bila taabu. Yalikuwa zahanati.

Hapa ndipo wagunaji huwa wanaguna. Ngojeni basi! Serikali ilifikiria kila kitu. Mtu mkakamavu haugui, na asiyeugua ana haja gani na zahanati? Vitanda vikatolewa, mashine zikaingizwa, kuta zikapakwa rangi ya chungwa, manesi wakapewa filimbi na kofia wakaitwa makocha. Wagonjwa waliokuwa wamelazwa wakapongezwa kwa kuwa wanachama wa kwanza, na wale walioweza kusimama wakapigwa picha.

Ramani ile ilikuwa nzuri jamani. Ilijaa ukuta mzima. Makaoni, mji mkuu, pini zilibanana hadi nikawa nachomeka juu ya jina la mji, maana kule uzunguni kulikuwa na tawi kila kona na muuza chipsi kwenye mlango wa kila tawi. Milimani, ambako akina mama hupanda mlima na ndoo za maji kichwani, tulipeleka mashine ya kupanda ngazi, na walipofika juu na ndoo zao walipangwa foleni wapande tena. Kisiwa cha Ndege kilipata tawi ingawa hakina mtu hata mmoja, kwa sababu Bosi Kirungu hupenda kwenda kuvua huko na hakutaka kisiwa kijisikie kimetengwa. Na Kaukau, wilaya ya mwisho kabisa, kule barabara inakoishia, ilipata pini moja na mashine moja ya kukimbilia. Umeme hakuna Kaukau. Watu walikuwa wanapanda juu ya ile mashine, wanasimama kidogo kwa heshima, wanashuka.

Utendaji wa matawi ulipimwa kisayansi. Kila mwisho wa msimu wanachama walipanda mizani, tawi likaleta majibu, mimi nikabadilisha pini. Uzito ukishuka ni kijani, ukipanda ni nyekundu. Msimu wa kwanza, ee bwana, Makaoni yote ilikuwa nyekundu. Watu walikuwa wanakuja jimu kupiga picha, halafu wanapitia chipsi. Rutuba ndiyo ilitia aibu zaidi, na Rutuba ni nyumbani kwa Mtukufu mwenyewe. Kule kuna ndizi, kuna maziwa, kuna mito, na mtu akitoka jimu anakula mara mbili kwa sababu amechoka.

Bosi Kirungu alipita mbele ya ramani ameshika kichwa. Kisha macho yake yakashuka chini kabisa, kwenye pembe.

"Hii nini?"

"Kaukau, Bosi," nikasema.

Kaukau uzito ulikuwa umeporomoka. Wanachama wote, wakubwa kwa wadogo, hakuna aliyebaki nyuma. Hata wenye jina huko nje walipiga simu kuuliza kama hatukukosea.

"Wanafanyaje hawa watu? Mashine yao si haina umeme?"

"Ni moyo wa kujituma, Bosi," akajibu Mkaguzi Mkuu, Bwana Lutambi, mtu aliyevaa suti ya michezo mpaka kwenye harusi. "Watu wa Kaukau wana moyo wa ajabu."

Bosi akaagiza pini ya dhahabu. Halafu akatutuma mimi na Bwana Lutambi twende tukajifunze siri yao.

Sasa, adabu yetu mnaijua. Mtu akikuuliza habari za hapa, unajibu nzuri. Nyumba imeungua, nzuri. Umefiwa, nzuri. Halafu ndipo unaleta ila. "Nzuri, ila mama hatunaye tena." Hivyo ndivyo tulivyolelewa na sioni ubaya wake. Tatizo ni kwamba Bwana Lutambi alikuwa mtu wa shughuli nyingi, na ukaguzi wake ulikuwa na swali moja tu, na swali lenyewe ndilo hilo.

Tulipofika Kaukau tulipokewa na kocha wa tawi, Nusura, mwanamke wa makamo aliyekuwa nesi wa zahanati ileile kabla haijapanda cheo. Filimbi shingoni, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi kwa jinsi kichwa kilivyokuwa kimepungua. Nyuma yake wanachama walikuwa wamekaa chini, wote, kwa utulivu ambao sijauona tawi lolote.

"Habari za hapa, Kocha?" akauliza Bwana Lutambi.

"Nzuri, mzee, ila..."

"Nzuri!" Bwana Lutambi akashangilia, akaniambia niandike, akageuka kwenda kwenye gari. Nusura akamfuata mbiombio. Wakati huo mkaguzi alikuwa ameona jengo la bati mkabala na jimu.

"Na lile ghala lina nini?"

"Mahindi ya msaada, mzee. Yametoka kwa nchi marafiki. Tumeambiwa tungoje kibali, na hiyo ndiyo ila yangu, mzee wangu, watu hawa..."

Bwana Lutambi alishtuka. Nilimwona kabisa, alishika mlango wa gari. "Mahindi? Hapa? Mbele ya mabingwa wa taifa?" Akamtazama Nusura kwa huzuni ya baba aliyemfumania mwanawe. "Kocha, unataka kuwaharibia wenzio msimu?"

Tukalifunga ghala kwa kufuli palepale, maana Bwana Lutambi hutembea na kufuli. Amri ikatoka makao makuu kwamba ghala lifunguliwe msimu ukiisha. Msimu ulipokaribia kuisha Bosi Kirungu akauongeza, kwa sababu huwezi kumkatiza mtu aliye kwenye ubora wake. Mimi nikachomeka pini ya dhahabu. Ilipendeza sana, hasa jua la asubuhi lilipoingia dirishani.

Ikaja sherehe ya kumtuza Bingwa wa Ukakamavu, yaani mwanachama aliyepungua kuliko wote Shwari nzima. Alikuwa wa Kaukau, nani mwingine? Jina lake Pandu, mpishi wa pilau za harusi. Zamani alikuwa mnene wa kutajwa, mtu akipotea njia anaambiwa pinda pale kwa Pandu. Nikatumwa na gari kwenda kumchukua. Njiani nilikula chapati na nyama yangu nikamaliza kabisa kabla ya kufika, kwa sababu si adabu kula mbele ya wanamichezo.

Nikamkuta kakaa juu ya sufuria yake kubwa ya harusi, kaifunika chini juu kaigeuza kigoda. Nusura alikuwa amepiga magoti mbele yake. Kumbe Pandu ni mdogo wake baba yake Nusura.

"Karibu, mgeni," Pandu akaniambia. "Usinitafute sana, mimi ndiye huyu. Sehemu iliyobaki ilishatangulia." Akacheka mwenyewe mpaka kikohozi kikamkamata.

Nusura hakucheka. "Baba mdogo, tuendelee. Mtukufu atakushika mkono, atakuuliza habari za Kaukau. Utasemaje?"

"Nzuri, Mtukufu, ila..."

"Baba mdogo!"

"Nini sasa?"

"Ukisema nzuri bendi inapiga. Umekwisha. Hiyo ila hakuna atakayeisikia, tangu mwaka jana naisema mimi, hakuna anayeisikia! Anza na mbaya. Mbaya, Mtukufu, tunakufa njaa, na mahindi yapo, yamefungiwa. Basi. Maneno hayo tu."

"Mwanangu, naanzaje na mbaya? Mtu kanisalimia vizuri, mimi namtupia mbaya usoni? Mama yangu alinifunza..."

"Mama yako angekuwepo leo angekufunza upya." Nusura akamshika magoti. "Jana nimempima Mwanaisha wa jirani, mtoto wa kutambaa, nikawatangazia makao makuu kwa shangwe kwenye redio ya upepo kwamba kapungua. Nimepiga filimbi, Baba mdogo. Mimi nesi, nimempigia filimbi mtoto anayekufa. Sina mtu mwingine wa kumtuma. Wewe ndiye utakayesimama mbele yake."

Pandu akajaribu: "Mba... mba..." Akatikisa kichwa. "Neno gumu hili, usilichezee." Lakini walifanya mazoezi mchana kutwa, Nusura akiwa Mtukufu na Pandu akiwa Pandu, na jua lilipoanza kupoa yule mzee alikuwa anaweza kulisema bila kufumba macho. Mimi sikuingilia. Niliona ni maandalizi ya michezo.

Sherehe ilifanyika Uwanja wa Kifungo, ule uliojengwa kwa kumbukumbu ya ajali ile. Watu walijaa hadi kwenye ngazi. Bosi Kirungu alitoa hotuba ndefu, akasema mataifa makubwa yana mashine lakini hayana watu kama wa Kaukau, ambao wameonyesha kwamba ukakamavu hauhitaji umeme wala uji. Kikombe cha ubingwa kikaletwa na askari wawili. Pandu alishindwa kukinyanyua, kwa hiyo wale askari wakakishika wao, naye akakigusa.

Mtukufu akashuka jukwaani, ametabasamu, koti jipya la mkanda lisilo na vifungo. Akamshika Pandu mkono. Kipaza sauti kikasogezwa.

"Habari za Kaukau, Bingwa?"

Kiongozi wa bendi alishanyanyua fimbo yake. Nikakumbuka yale mazoezi, nami mwenyewe sijui kwa nini nikajikuta nimebana pumzi.

"Mbaya," akasema Pandu.

Fimbo ya bendi ikaganda hewani. Bosi Kirungu akakaa, halafu akakumbuka kwamba hakukuwa na kiti.

"Mbaya sana, Mtukufu. Tunakufa njaa. Mahindi yapo, yamefungiwa ghalani. Tufungulieni tule."

Mtukufu alimtazama. Akatazama mshipi wa bingwa, ulioandikwa KAUKAU kwa herufi za dhahabu. Basi uso wake ukafunguka wote, akajipiga paja.

"Watani zangu hawa!"

Nilisahau kuwaambia. Watu wa Rutuba na watu wa Kaukau ni watani tangu enzi za mababu. Walipigana zamani kwa ajili ya mbegu, wakachoka, wakaapa kwamba tangu siku hiyo watatukanana tu, na hakuna atakayemkasirikia mwenzie. Mtu wa Kaukau akimwambia wa Rutuba neno lolote, liwe baya la namna gani, ni utani. Kulichukulia vingine ni kuvunja kiapo cha mababu, na Mtukufu ni mtu anayeheshimu mila.

"Njaa ndiyo kazi yenu tangu zamani!" Mtukufu akanguruma kwa furaha. "Babu zenu walikuwa wanakuja Rutuba kulamba vinu vyetu!"

Uwanja ukapasuka kicheko. Bendi ikapiga.

"Si utani, Mtukufu," Pandu akasema. "Wallahi tena, si utani."

Kicheko kikazidi, kwa sababu hivyo ndivyo mtani hodari anavyosema. Pandu akafungua shati kuonyesha mbavu. Watu walifuta machozi. Mama mmoja karibu yangu alikuwa anagaagaa kwenye ngazi, anasema, "Mwondoeni, atatuua huyu!" Mtukufu akamkumbatia, akasema hajacheka hivyo tangu aingie madarakani. Kisha wakubwa wakaenda kula. Bingwa alitengewa kipande cha tango na maji, ili asipoteze ubingwa wake siku ileile aliyoupata.

Nikamrudisha. Tulipokaribia Kaukau akaniuliza, "Mgeni, nililisema vizuri?"

"Ulilisema vizuri sana, mzee," nikamjibu, na nilimaanisha. Lilisikika mpaka kwenye ngazi za juu.

Nusura alikuwa anatungoja barabarani. Alikuwa ameshasikiliza redio, maana sherehe ilirushwa nchi nzima pamoja na kile kicheko cha uwanja. Hakumlaumu. Alimshusha kwenye gari yeye mwenyewe, kambeba mgongoni, na yule aliyekuwa mnene wa kutajwa hakumsumbua hata kidogo.

Pandu alifariki wiki hiyohiyo, ameegemea sufuria yake.

Sasa msiseme Mtukufu hana utu. Taarifa ilipofika Ikulu aliangusha chozi mbele ya mawaziri. "Mtani wangu kafa!" Akaamuru ujumbe mzito wa watani kutoka Rutuba uende kuzika, kwa gharama ya serikali. Malori yakapangwa. Mimi na Bwana Lutambi tukafuatana nao kwa niaba ya jimu, na kwa sababu yeye ndiye mwenye ufunguo wa kufuli.

Maana mila ya watani msibani mnaijua. Wanakuja kutania, si kulia. Wanajilaza kaburini wanasema wamekuja kulala, mpaka wapewe chakula ndipo watoke. Na mtani haambiwi hapana. Lazima ashibe kwanza, ndipo maiti izikwe, na kitakachompendeza kwenye nyumba ya msiba akikichukua ni chake, na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika.

Basi ghala likafunguliwa! Wagunaji, mmesikia? Nyie mliosema halitafunguliwa, likafunguliwa mchana kweupe, mbele ya watu wote. Bwana Lutambi alisema huu ni msiba wa kitaifa na kanuni za msimu zinaweza kulegezwa kwa wageni. Sufuria ya Pandu ikageuzwa, ikawekwa mafigani, Nusura na wenzake wakasonga ugali humo kwa miti miwili. Harufu ikatoka nje. Watu wa Kaukau walikuwa wamekaa chini kuzunguka uwanja wote, kimya, macho kwenye sufuria, na watani walikula, wakatania, wakala tena. Mmoja mnene akawa anamwigiza marehemu, kanyonya mashavu ndani, anayumba. "Mbaya, Mtukufu! Mbaya!" Wenzake wakacheka mpaka matonge yakawatoka mdomoni.

Waliposhiba wakaruhusu maziko. Walipomaliza maziko mmoja akasema kwa utani kwamba yale mahindi yaliyobaki ghalani yamempendeza. Mwingine akasema hata yeye. Wakapakia. Malori yalikuwepo, yalikuja matupu. Gunia la mwisho likafuatwa na sufuria, kwa ajili ya kumkumbuka marehemu. Yule mtoto, Mwanaisha, alikuwa mgongoni kwa mama yake, akinyoosha mkono kila gunia lilipopita, na watani wakawa wanamwita mchumba wao.

Bwana Lutambi akafunga tena kufuli kwenye mlango wa ghala, kwa mazoea. Kabla ya kuondoka akanikumbusha kwamba ukaguzi haujafanyika, nikaulize haraka kabla vumbi la malori halijatufunika.

Nikamkuta Nusura amesimama pale sufuria ilipokuwa, anatazama majivu. Ugali mwingi sana ulikuwa umepita mikononi mwake siku ile, na vidole vilikuwa bado na unga. Alikuwa anautazama ule unga.

"Habari za hapa, Kocha?"

"Nzuri," akasema.

Nikangoja. Sijui kwa nini, kalamu ilikuwa tayari mkononi na honi ilikuwa inapigwa, lakini nilisimama pale nikangoja ile ila. Nusura akafuta vidole vyake kwenye kanga, akaitia filimbi ndani ya nguo, akaingia jimu. Hakuongeza kitu.

Nikaandika nzuri. Pini yake iko palepale, ya dhahabu, na msimu huu zimekuja nyingine za kwenda wilaya za jirani.